Dawa ya Miguu ya Mama

Bangi ile ilikuwa yangu, nisimsingizie mtu. Niliilima mwenyewe, miche minne kwenye ndoo, katika chumba cha chini ya paa alichonipangisha mzee mmoja wa Kibelgiji kule kwao Uccle nilipokuwa mwanafunzi. Wala sikuwa mvutaji. Nilipenda tu wenzangu wa chuo waniite fundi. Upumbavu mtupu.

Mzee huyo alikuwa bwana shamba Kivu kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Nilimwita papa. Bustanini alikuwa na pipa la udongo alioutunza kama watu wanavyofuga kuku: udongo mweusi wa msituni wenye nyuzi nyeupe za uyoga, ameuchanganya na ule ulioota maharagwe, wenye bakteria wazuri. Alinieleza kwamba hao hushikana na mizizi na kuiletea chakula isichoweza kukifikia yenyewe. Aliwaita batoto, yaani watoto.

Miche yangu ilipogeuka njano, nikamwomba udongo. Akauliza wa nini. Ningesema nyanya, yangekwisha. Lakini mdomo huponza kichwa.

"Ni majani ya dawa, papa. Mama iko na maumivu ya miguu. Nataka nimukaushie, nimutumie."

Uso wake ukalainika. "Bon, chukua. Lakini usimwage maji ya robinet, ya bomba, mara moja, ile dawa yake, klore, itaua batoto. Acha ndoo ya maji wazi mpaka kesho."

Magoti yake hayakumruhusu kupanda ngazi, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru kwa magoti hayo. Angeona, ningelala barabarani. Niliuweka udongo wake karibu na mizizi, na baada ya wiki chache majani yalikuwa ya kijani kibichi. Nilipouhamisha mche mmoja, nikakuta mizizi imevaa nyuzi nyeupe, kama alivyosema.

Kila asubuhi, kwenye kahawa, aliniuliza: "Batoto banaendelea?"

"Banaendelea, papa."

"Na mama?"

"Mama naye." Na mkate niliumeza bila taabu, na hilo ndilo linaloniuma leo.

Ambalo sikulijua ni kwamba alimwandikia mama. Anwani aliipata kwenye bahasha zangu, maana ndiye aliyezipeleka posta. Jibu lilikuja baada ya miezi, mkononi mwa msafiri kutoka Bukavu. Macho ya mzee yalikuwa yamechoka, akanipa mimi. "Soma kwa sauti, mutoto."

Niliuona mwandiko wa mama nikajua nimekwisha. Mama hakuwahi kuumwa miguu. Alipanda kilima kwenda misa kila alfajiri akiwaacha vijana nyuma.

Nikasoma. "Papa, asante kwa kunijulia hali. Dawa ilifika, nimeitumia, miguu imepona kabisa. Umuambie mutoto asilime tena."

Sikuwa nimetuma hata jani moja. Mama aliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari alisoma swali la mzee kuhusu dawa ya miguu, akaelewa kuna ninachoficha, akachukua kalamu akadanganya kwa mkono wake ili mimi nisifukuzwe. Nikairudia mistari hiyo tangu mwanzo. Mzee alidhani ni furaha, akanishika bega.

"Unaona kazi ya batoto?" akasema. Kisha, kwa haya kidogo: "Alors, kama mama amepona, ile inabakia unipatie mimi. Kwa magoti."

Nilitaka kumwambia yote. Lakini ningeusema ukweli, ningemfanya mama mwongo mbele ya mtu anayemheshimu. Nikamwambia imekwisha, nimetuma yote.

"Haizuru," akasema. "Mama kwanza."

Siku hiyohiyo niliing'oa miche, nikaitupa, na udongo nikaurudisha kwenye pipa. Mzee alikuwa bustanini anapanda maharagwe. Aliniomba nimshike mkono apige magoti, nikamshika, nikamsikia akiugulia mpaka chini.