Mpiga chapa wa Ruiru na ndovu wanane wa kokwa za avokado

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla wateja na hati zao za mashamba hawajapanga foleni mlangoni, Ndila Maluki anausogeza kando utepe wa wino wa taipureta yake na kuingiza karatasi ya stensili. Anapuliza vumbi. Anapiga herufi ya kwanza, kisha ya pili, kwa pigo lile lile, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mwenye usingizi mzito.

"Stensili haitaki huruma," anasema. "Ukiigusa polepole haitoboki, na isipotoboka wino haupiti. Lakini ukiipiga na hasira, ile O inaanguka yote. Unabaki na tundu."

Ni Alhamisi ya pili ya Agosti, 1996. Mezani pake pana stensili mbili za jalada moja. Ya kwanza ni ya Kiswahili: Ngome, Jarida la Chama cha Mapigano ya Kale, Thika na Ruiru, Toleo la 24. Ya pili inasema yayo hayo kwa Kiingereza. Moja tu ndiyo itakayotiwa wino, na Ndila hajui ni ipi. Atajua Jumamosi jioni, vita vikiisha.

Ndila ana miaka arobaini na mitatu. Aliacha shule kidato cha pili, akajifunza kupiga chapa kwa kutazama vidole vya wengine, na kwa miaka kumi na minne ameajiriwa katika ofisi ndogo ya Bi. Gathoni, nyuma ya stesheni ya reli ya Ruiru. Hupiga mikataba ya viwanja, barua za kuomba kazi na ratiba za harusi. Mshahara wake ni shilingi elfu tatu na mia nne kwa mwezi, na humo mna kodi ya chumba huko Gatongora na karo ya binti yake, Mbula.

Mwishoni mwa mwaka 1990 aliingia mteja wa namna nyingine. Alikuwa Abdulkarim Junaid, mwenye bucha katika mtaa wa Majengo, Thika. Alibeba kurasa kumi na moja zilizoandikwa kwa mkono, mbili zikiwa na madoa ya damu ya ng'ombe.

"Nikasoma mstari wa kwanza, naona ndovu wanapanda mlima wa barafu," Ndila anakumbuka. "Nikamuuliza, mzee, hii ni ndoto ama ni kesi? Akaniambia, 'Ni historia, mama. Wewe piga tu.' Nilipofika ukurasa wa tano nilisahau kwenda kula."

Hilo ndilo lililokuwa toleo la kwanza la Ngome. Tangu hapo jarida limetoka kila baada ya miezi mitatu, na hakuna ukurasa wake hata mmoja ambao haukupita chini ya vidole vya Ndila.

Chama chenyewe kina watu ishirini na watatu: walimu, karani wa reli, wafanyakazi wa viwandani Thika, mlinzi wa usiku, wakulima wawili wa kahawa. Jumamosi mbili kwa mwezi hukutana katika chumba kilicho nyuma ya bucha ya Abdulkarim, wakaunganisha meza mbili, wakatandika blanketi la kijani na kupigana upya vita vilivyopiganwa miaka elfu moja au elfu mbili iliyopita.

Askari wa miguu ni punje za mahindi upande mmoja na maharagwe mekundu upande wa pili. Farasi ni buni zilizokaushwa. Vilima ni sufuria zilizofunikwa chini ya blanketi. Hatua hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, na bahati huamuliwa kwa dadu. Mwaka juzi panya walikula nusu ya jeshi la Roma kwa usiku mmoja, na waliobaki wakaingiwa na dumuzi. Siku hizi majeshi yote hulala ndani ya mikebe yenye vifuniko.

Ndovu ni kokwa za avokado, nao wana sheria yao. Kokwa ikikauka hunywea, kwa hiyo kabla ya vita mwenyekiti huipima kwa dole gumba lake. Iliyo ndogo kuliko gumba la Abdulkarim si ndovu tena. Hurudishwa.

Sheria inayolilisha jarida ni nyingine: anayeshindwa ndiye anayeandika. Mshindi haruhusiwi kuandika hata nukta.

"Mshindi ukimpa kalamu ataandika jina lake tu," anaeleza Abdulkarim, huku akifuta kisu. "Aliyepigwa anakumbuka kila hatua. Anajua alikosea wapi. Huyo ndiye wa kusomwa."

Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya Ndila mhariri. Mwaka 1992 alikuwa akichora kwenye stensili ramani ya vita vya Zama, ambako Hanibali wa Karthago alishindwa na Warumi. Mchoro wa asili ulikuwa kwenye karatasi nyembamba, naye akaulaza uso chini juu ya kioo bila kutambua. Kilima kilichokuwa kulia kikahamia kushoto. Nakala mia moja na ishirini zikatoka hivyo.

Wanachama wa Thika wakapanga meza kwa kufuata ramani. Wa Ruiru wakapanga kwa kufuata maneno. Walipokutana kulinganisha, kila upande uliwaona wenzao wamechanganyikiwa.

"Karibu tupigane kweli," anacheka Abdulkarim. "Karani wa reli alikuwa ameshika kiti."

Kosa lilipojulikana, wakaamua kwamba aliyekosea naye ni kama aliyeshindwa. Aandike. Ndila akaipiga upya habari yote ya Zama, akachora ramani sahihi, na mwishoni akaongeza ukurasa mmoja wa kueleza jinsi kilima kinavyohama mtu akiwa amechoka. Wasomaji saba waliandika barua kuusifu ukurasa huo. Kabla ya hapo, barua nyingi zaidi kuwahi kupokewa kwa toleo moja zilikuwa mbili.

Wakampa uhariri. Kazi hiyo haina malipo. Anayeinunua stensili na wino ni chama, kutokana na shilingi ishirini za kila nakala.

Sasa uhariri huo umo hatarini. Mwezi wa Juni barua ilifika kutoka chama cha namna hiyo hiyo huko Uingereza. Walikuwa tayari kubadilishana majarida na kutuma vitabu sita vya historia, mradi Ngome ije kwa lugha wanayoisoma. Kagwe Kang'ethe, mhadhiri kijana wa hisabati kule Juja, alisimama na kupendekeza jarida zima ligeuzwe Kiingereza kuanzia toleo la 24, lichapwe kwa kompyuta.

"Sina ubaya na Mama Mbula," anasema Kang'ethe. "Lakini vitabu sita! Sisi hapa tunapigana vita vya miaka elfu mbili na vitabu vinne, na kimoja hakina jalada. Lazima tutoke nje kidogo."

Ndila anaijua hoja hiyo na haidharau. Anachokijua zaidi ni wasomaji wake. "Mlinzi wetu Musau anasomea Ngome langoni na taa ya mkono. Ukimwekea Kiingereza atasoma picha. Na mimi Kiingereza naweza kukipiga chapa, lakini siwezi kukihariri. Nitakuwa nanakili kitu nisichoweza kukiuliza swali."

Kura zilipigwa: kumi na moja kwa kumi na moja. Abdulkarim akakataa kuamua. "Mimi napima nyama, sipimi lugha," alisema. Chama kina desturi kwa mzozo usioisha kwa maneno: hupelekwa mezani. Kila upande ukamtoa jemadari. Vita vikachaguliwa kwa kuchomoa karatasi kwenye kofia. Ikatoka Zama.

Ndila alikuwa hajawahi kuongoza jeshi hata mara moja. Akachomoa upande wake, akapata Karthago, upande ulioshindwa. Watu wa Kang'ethe wakapiga makofi.

Karthago ndiyo yenye ndovu, na jemadari huja na ndovu wake. Kwa siku nne nyumbani kwa Ndila pameliwa githeri, yaani mahindi na maharagwe, pamoja na avokado, asubuhi na jioni. "Mama," Mbula alimwambia Jumatano, "sisi tumekula jeshi zima. Sasa tumalize tu vita."

Jumamosi, saa nane mchana. Chumba kimejaa hadi dirishani. Abdulkarim anapima kokwa nane moja moja kwenye gumba lake. Zote zinapita.

Kabla ya punje ya kwanza kusogea, kila jemadari huandika amri zake tatu za mwanzo na kuzitia katika bahasha. Zikishafunguliwa lazima zifuatwe, hata kama mwenyewe anajuta. Kang'ethe anaandika haraka. Ndila anaandika polepole, kwa herufi kubwa.

Bahasha zinafunguliwa. Amri ya Kang'ethe ni ile ile iliyowapa Warumi ushindi zamani: fungueni njia tano katikati ya jeshi, ndovu wakija wapite humo bila kumkanyaga mtu. Anayapanga maharagwe yake vizuri, njia tano zilizonyooka kama mistari ya kahawa shambani.

Ndovu hawaji. Ndila amewapeleka pembeni, wanne kushoto na wanne kulia, mbele ya farasi wa Roma, na amri yake ni kwamba wasimame. Kwa sheria za chama, farasi asiyemzoea ndovu hamkaribii shibiri mbili. Buni zote za Kang'ethe zinakwama.

"Haiya! Mama Mbula, ndovu wako wako likizo?" Kang'ethe anauliza, na chumba kinaangua kicheko.

"Waache wapumzike, Mwalimu. Wametoka mbali."

Kisha mahindi yanaanza kutembea. Askari wa miguu wa Ndila wanaingia katika zile njia tano, safu kwa safu. Kang'ethe anatazama bahasha yake. Amri ya tatu inasema njia zibaki wazi.

"Ngai," anasema taratibu. Hakuna anayecheka sasa.

Anapopata uhuru wa kuamrisha upya, mahindi yamo ndani ya maharagwe kama githeri yenyewe. Anapambana. Dadu zinampendelea mara mbili, na saa kumi na moja kasoro hivi ubavu wa kushoto wa Ndila unavunjika, ndovu wawili wanaanguka. Ndila anafuta jasho kwa leso na kuuliza kama zamu ni yake. Ni yake. Anasogeza safu ya mwisho.

Saa kumi na moja na dakika kumi Abdulkarim anayakusanya maharagwe yaliyobaki, anayahesabu mkononi na kufunika mkebe.

"Roma haipo," anasema.

Mlinzi Musau anapiga mluzi. Mtu anauliza Ndila alijuaje kwamba njia zitafunguliwa.

"Mwalimu anaheshimu kitabu," anajibu. "Yeye Zama aliisoma mara moja. Mimi niliipiga chapa mara mbili kwa sababu ya kile kilima. Nilipokuwa narudia, nilikuwa najiuliza, sasa hawa ndovu wangekataa kwenda?"

Desturi inadai mshindi amkabidhi aliyeshindwa kalamu, kwa mikono miwili. Ndila anamkabidhi Kang'ethe. Naye anaipokea kwa mikono miwili, kisha anauliza, kama mwanafunzi, "Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Kurasa ngapi?"

"Nne. Na usiwasahau ndovu."

Jumatatu, saa sita mchana, Kang'ethe yuko Ruiru, amekaa kwenye kiti cha wateja na kurasa mbili na nusu. Ndila anazisoma akiwa na penseli sikioni.

"Hapa umeandika upande wa jeshi ulikatwa. Upande upi? Sema ubavu."

"Jeshi lina mbavu?"

"Kwani wewe huna? Jumamosi si ziliuma?"

Kang'ethe anacheka, anakata neno na kuandika jingine. Anakiri kwamba hajawahi kuandika zaidi ya barua ya nyumbani kwa lugha hii tangu mtihani wa shule. Mara kwa mara anasimamisha kalamu na kutazama darini. Ukurasa wa tatu unasimulia jinsi alivyoiona safu ya kwanza ya mahindi ikiingia katika njia alizozifungua kwa mkono wake mwenyewe. Ndila anausoma hadi mwisho bila kuitoa ile penseli sikioni.

"Huu usiguswe," anasema. "Unaingia hivyo hivyo."

Stensili ya Kiingereza haikutupwa. Ndila ameikunja na kuilaza chini ya kioo cha meza, kwa kuwa karatasi ni ghali na sehemu yake ya chini bado haijatobolewa. Pale atapiga nusu ukurasa ambao Kang'ethe amejitolea kuuandika kwa Kiingereza, kuwaeleza Waingereza yaliyomo ndani.

Anaifunga stensili ya Kiswahili kwenye mashine ya kudurufu, anapaka wino na kuanza kuzungusha mkono wa mashine. Nakala ya kwanza inatoka nyeusi tii. Ya pili inatoka hafifu. Ya tatu inasomeka, na anaianika kwenye kamba dirishani.

Toleo hili litakuwa na nakala mia moja na sitini, nyingi kuliko lolote lililotangulia. Kwa toleo la 25 Ndila anataka kuwaomba wazee wa Ukambani na Murang'a masimulizi ya mapigano ya zamani za kwao, ambayo hayamo katika vitabu vinne vya chama wala katika vile sita. Na safari ijayo, anasema, anataka kuongoza Roma, aone kama atashindwa, maana ana hamu ya kuandika.

Ile nakala ya tatu, ikishakauka na kuunganishwa na kurasa za ndani, itakwenda posta kabla ya zote. Bahasha yake iko tayari, na anwani ya Uingereza imepigwa chapa bila kosa. Kang'ethe anaitazama na kuuliza kama kweli watavituma vile vitabu, wakipokea jarida ambalo wanaweza kusoma nusu ukurasa wake tu.

"Watume, wasitume," anasema Ndila, akizungusha. "Wakitaka kujua Hanibali alishinda vipi, watafute kamusi. Sisi ya Kiingereza tulinunua."