Tundu Aliloliacha Veturia

Veturia Lupşan alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona tundu akalinyamazia. Kazi yake ilikuwa kuziba soksi ndefu za wanawake zilizofumuka, ndani ya kibanda cha vioo kando ya duka la maziwa, akitumia sindano yenye ndoano ndogo ambayo wateja walilazimika kukodoa macho kuiona. Romania nzima ilivaa viraka miaka hiyo, kwa hiyo kazi haikumkaukia. Hata kanisani, wenzake wakimtazama Bikira, yeye alitazama viwiko vya waliosimama mbele. Mume wake, Mungu amrehemu, alizikwa na soksi ambazo Veturia alizikagua hadi dakika ya mwisho, padri akikohoa kumharakisha.

Desemba ile ya mwaka themanini na tisa, mkubwa wa nchi alipopanda helikopta akatoroka, mji mzima ulimwagika barabarani. Liviu, mwanawe wa pekee, alirudi mbio kutoka kiwanda cha viatu, akaitoa kabatini bendera ya jengo lao, akachukua mkasi na kuikata nembo ya utawala, iliyokuwa katikati kwenye mstari wa manjano.

"Liviu! Kitambaa kizima hicho!"

"Mama, kote wanafanya hivi. Nembo yao hatuitaki tena."

"Haya, nembo hamuitaki. Kitambaa kimewakosea nini?"

Liviu aliitupa bendera kitini, akashuka kwa mzee Pamfil wa chini kuomba mpini wa ufagio. Pamfil hakuwa mtu wa kutoa ufagio bila mahojiano, kwa hiyo kijana alikawia. Juu, Veturia alibaki peke yake na tundu. Alijaribu kuosha vyombo. Akajaribu kutazama dirishani. Mwishowe akaona afadhali akate kipande cha pazia la manjano, lililokolea kidogo kuliko bendera, na mkono ukafanya ulichozoea. Mshono ukatoka mzuri mno, akaridhika, akaikunja bendera vizuri.

Liviu aliingia akitweta, akaifunga mpinini hivyo hivyo ilivyokunjwa, akatoka mbio.

"Vaa kofia!" mama akamfokea, lakini ngazi zilikuwa zimeshammeza.

Veturia alikuwa kwenye roshani akitazama malori yaliyojaa watu na bendera zenye matundu, Pamfil alipopanda akihema, redio yake ndogo ikiwa mkononi.

"Wanasema maadui wamejichanganya na watu, Veturia. Kule uwanjani, mwenye bendera ambayo katikati bado ina kitu anakamatwa. Wana bunduki, na hakuna anayejua nani kawapa."

Veturia aliliwazia lile duara la pazia, lililokolea, likionekana kwa mbali kama nembo haswa.

"Pamfil, nimemuua mwanangu."

"Kwa kofia?"

"Kwa sindano, we mzee!"

Akakwapua mkasi na kutoka na ndara zake, kwenye barafu, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Kwenye ngazi za ofisi ya mji, pale uwanjani, wanaume watatu waliojifunga vitambaa mikononi walikuwa wamemkaba Liviu kola. Mmoja alishika bunduki kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga.

"Kwa nini ya kwako haina tundu?"

"Lilikuwapo! Naapa, nililikata mwenyewe!"

"Kumbe! Tundu limeota nyama?"

"Mwachieni!" Veturia alipenya katikati ya watu kwa viwiko. "Mimi ndiye niliyeliziba."

"Umeliziba kwa sababu gani, shangazi?"

"Lilikuwa wazi," akasema.

Mwanamke mmoja akaangua kicheko. "Jamani, si Veturia wa soksi huyu! Mimi nimesimama hapa kwa mshono wake!" Wengine wakaanza kunyanyua sketi kidogo kuonyesha ushahidi, na uwanja ukacheka. Mwenye bunduki hakucheka.

"Basi alikate tena, tumwone."

Mkono uliokuwa haujawahi kuharibu kazi yake mwenyewe uliingiza mkasi. Kiraka kilikuwa kimeshika barabara, kikagoma, na kwa mara ya kwanza Veturia alijilaani kwa ufundi wake. Akakazana huku akilia, hadi kipande cha pazia kikaanguka thelujini. Upande wa pili wa tundu ukatokea uso wa Liviu, mweupe, kamasi zikimtiririka. Bunduki ikateremshwa.

"Kofia yako iko wapi?" mama akamuuliza.

Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba bendera ya nchi sasa haina nembo, na wala haina tundu. Pamfil alicheka hadi akashika ukuta. "Uliitangulia serikali, Veturia! Ungengoja kidogo tu, ungepewa nishani!" Watu wakapanga foleni kibandani na bendera zao, naye akaziziba zote, manjano juu ya manjano, akiwasema waliokata vibaya.

Foleni ilipokwisha, Liviu akaleta ile ya kwao na kuitandaza mbele ya mama.

"Bado hii."

Veturia alishika sindano. Akalitazama tundu lile, kingo zake zimechakaa, nyuzi zikining'inia. Aibu tupu kwa fundi yeyote. Kisha akairudisha sindano kikebeni.

"Hiyo iache," akasema. "Hapo ndipo nilipokuona mzima."