Nimeulizwa Kama Mwanangu Anafaa Kuendesha Basi la Shule

Admin, nifichie jina tafadhali, Tunduma hii tunajuana mno. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Chapwa na nauza maharage sokoni. Mtoto wangu wa kwanza, nimwite Elia, ana miaka ishirini na nane na ni dereva. Baba yake alipofariki, Elia ndiye aliyeshika nyumba akasomesha wadogo zake. Naomba mlijue hilo kabla hamjaanza kumtukana.

Mwaka jana alifukuzwa kazi. Alikuwa anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja, akalewa, akaliingiza mtaroni pale Nanyala. Utingo wake alivunjika mguu na mpaka leo anachechemea. Elia alilia mbele ya mchungaji, akaapa hagusi tena pombe. Tangu hapo yuko nyumbani tu. Kila anakoomba kazi wanataka namba ya bosi wa zamani, na huyo bosi ukimpigia anakumwagia yote.

Wiki iliyopita shule moja ikatangaza inatafuta dereva wa basi la wanafunzi. Elia akawapa namba yangu, akisema ndiyo ya bosi wake. Nilifoka! Akanipigia magoti. "Mama, yule mzee atanichomea utambi. Wewe sema tu nilikuwa naendesha lori lako na sikuwa na shida. Unataka nizeekee hapa?" Nikakubali. Nilikuwa nimechoka kumwona amekaa uani.

Sasa juzi nafua suruali yake, mfukoni nikakuta paketi tupu ya kiroba, ile pombe kali inayovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikamuuliza. "Ya zamani hiyo, mama." Jamani, suruali hiyo naifua mwenyewe kila wiki! Lakini pia huwa wanaazimana nguo na rafiki yake, na harufu ya pombe sijaisikia kwake. Sijui niamini lipi.

Jana mwenye shule akapiga nikiwa sokoni. Nilikuwa nimejipanga, mpaka sauti ya kibosi nilikuwa nayo. Akasema, "Shikamoo mama, naongea na nani?" Mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba, Mama Elia hapa." Ndivyo ninavyoitwa tangu nimzae, hata kanisani jina langu la ubatizo wamelisahau.

Nikadhani amekata, kumbe yupo.

"Kumbe wewe ni mama yake," akasema taratibu. Nikashindwa kukana. Nilitegemea anifokee, ila hakunifokea. "Basi mama, tuachane na habari za bosi. Mtoto unamjua wewe. Kwenye basi hilo wanangu wawili wamo. Ungekuwa mimi, ungempa?"

Nikamwambia wateja wamejaa, nitampigia. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Anasubiri jibu langu leo kabla ya jioni. Elia hajui lolote. Amepiga pasi shati, kila mara ananiuliza, "Mama, hawajapiga tu?" Nikisema hapana, nimemfungia mlango mwanangu kwa mkono wangu. Nikisema ndiyo, basi hilo linapita mbele ya nyumba yangu, na watoto huwa wananipungia dirishani. Nitawaangaliaje?

Simu ninayo mkononi. Wazazi wenzangu, wewe mwenye mtoto ndani ya basi na wewe mwenye mtoto kwenye usukani, niambieni: nimjibu nini huyu baba?