Akiba ya Mbegu ya Tembe Saba

Nimeombwa mara kadhaa nieleze jinsi wakulima wa upande wetu walivyoweza kushirikiana enzi ya Wajerumani, kabla ya vyama vyenye mihuri na wenyeviti. Wengi wanaosimulia habari hizo leo wamezipokea kwa watu waliozipokea kwa wengine. Mimi nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa mikono yangu, pamoja na kosa langu, kwa kuwa bila kosa hilo habari yenyewe haieleweki.

Tulikuwa tembe saba, yaani nyumba saba za udongo zenye paa bapa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Dodoma. Miaka michache nyuma njaa ilikuwa imetupiga. Watu walikwenda kuhemea mbali, wakarudi na kikapu kimoja cha mtama badala ya mbuzi wawili. Hata hivyo lililotuvunja hasa halikuwa njaa ya kiangazi. Mvua ilipokuja, na ilikuja vizuri, hatukuwa na kitu cha kutia ardhini, kwa sababu mbegu tulikuwa tumekwisha kuila. Sijaona jambo la uchungu kuliko mvua njema juu ya shamba lisilo na mbegu.

Baada ya hapo tukafanya mapatano. Kila tembe, mara tu baada ya mavuno, itoe mbegu ya uwele na kuiweka mahali pamoja, chini ya watu watatu, na mtu asiiguse mpaka mvua ya kwanza. Neno ushirika kwa maana yake ya leo hatukulijua. Tuliita akiba, basi.

Wa kwanza katika wale watatu alikuwa mjane wa makamo, Mgogo, mwenye tembe kubwa kuliko zote, naye ndiye aliyeitunza akiba nyumbani kwake. Wote tulimwita Mama. Hakuwa na desturi ya kukaa chini ili azungumze; alisema huku akifanya kazi, na aliyetaka kumsikiliza ilimbidi amfuate kutoka kinuni hadi zizini. Wa pili alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, aliyeoa kwetu na kuhamia. Tulimwita Shemeji, hata sisi tusiokuwa na udugu wowote na mkewe. Yeye alishika pishi, chombo cha kupimia nafaka, na sababu ya kumchagua ilikuwa ya haki: hakuwa na ukoo pale, kwa hiyo hakuwa na wa kumpendelea. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, kisha shule ya serikali huko pwani, na asubuhi nilifundisha kusoma. Kazi yangu katika akiba ilikuwa kusimamia utaratibu na kusema na jumbe wa serikali pale ilipobidi.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule ambao reli ilikuwa inasogea kuelekea kwetu. Kambi za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, na wapishi wao walinunua nafaka yoyote iliyoletwa. Nilihofu kwamba mbegu ingeponyoka mkono kwa mkono hadi kambini. Kwa hiyo wakati wa mavuno nilitoa shauri kwamba mbegu yote ipurwe mara moja, ipimwe kwa pishi, kila tembe kiasi kilekile, na itiwe katika vilindo vitatu vikubwa vya magome ya mti, vikazibwe kwa udongo na samadi juma lilelile.

Desturi ya Wagogo haikuwa hiyo. Uwele wa mbegu hauondolewi katika masuke yake. Masuke huchaguliwa, hufungwa mafungu, na hutundikwa kwenye uchaga juu ya mafiga, yakapigwa na moshi wa kila siku hadi msimu mwingine.

"Mbegu hulala moshini, mwalimu," Mama aliniambia mbele ya watu.

"Masuke hayapimiki, Mama. La huyu lina urefu wa mkono, la yule ni kama kidole gumba. Tutagombana."

"Tumegombana tangu zamani na tumepanda tangu zamani."

"Moshi hauna pishi," nikajibu.

Watu wakacheka, nami, nakiri, nikafurahi. Neno la busara likashindwa na neno la mzaha. Vilindo vikajazwa, vikazibwa, na Shemeji akapiga juu ya kila kizibo alama ya kitako cha pishi lake.

Kiangazi kikapita. Kuelekea mwisho wake, wakati vumbi linapoinuka kila adhuhuri na watu wanaanza kutazama upande wa mashariki, Shemeji alinijia nilipokuwa nikitengeneza mpini wa jembe. Akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Mwalimu, yanasemwa maneno."

"Yanasemwa na nani?"

"Na watu."

"Watu si jina la mtu. Nani?"

"Bwana wee, ngoja kwanza nikuambie maneno yenyewe! Wanasema vilindo ni vitupu. Wanasema Mama amewauzia wapishi wa kambi."

Nilimwambia kwamba sisikilizi uvumi. Akajibu kwamba uvumi hauhitaji kusikilizwa na mimi. Ulikuwa umekwisha kusikilizwa na tembe tano kati ya saba, na tembe hizo zilitaka akiba ivunjwe kesho, kila mtu achukue sehemu yake akaitunze mwenyewe. Hapo nikaweka chini mpini. Nilijua, na yeye alijua, jinsi sehemu hizo zingetunzwa. Zingine zingepikwa pombe, zingine zingepelekwa kambini kabla ya siku tatu, na mvua ingetukuta kama ilivyotukuta mwaka ule wa njaa.

Nikaanza kufuatilia neno hilo kutoka mdomo hadi mdomo. Wa kwanza alikuwa amelisikia kwa wa pili, wa pili kwa shemeji yake wa kweli, na huyo kwa mtu mmoja mrefu aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara, ambaye aliheshimiwa kwa sababu alikuwa ameiona bahari. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kumwaibisha.

"Na wewe ulisikia wapi?"

"Mimi sikusikia, mwalimu. Niliona."

"Uliona nini?"

"Mke wangu akitoka kwa Mama na kikapu. Ndani, uwele uliopurwa. Jua liko kichwani, hakujificha hata kidogo. Nikamuuliza, uwele huo wa wapi? Akaniambia, chunga mbuzi zako."

"Ukafanyaje?"

"Nikachunga mbuzi."

Huo haukuwa uvumi tena, ulikuwa ushahidi wa mtu mzima mwenye macho mazima. Hata hivyo sikuweza kuamini kwamba Mama ni mwizi, na kesho yake, watu walipokusanyika, nilisema kwa sauti kubwa kwamba vilindo vitafunguliwa mbele ya wote, na kwamba kama vitaonekana vina upungufu, mimi niondolewe katika uongozi pamoja na yeye.

Tukaenda wote nyumbani kwake. Alikuwa akipepeta.

"Mbukwa," wakamwamkia kwa heshima ya Kigogo, ingawa nyuso zao hazikuwa za heshima.

Akaitikia. Kisha akatutazama. "Mmekuja wengi. Kuna msiba?"

"Tumekuja kuona akiba, Mama," nikasema.

"Vilindo viko palepale. Mikono mnayo."

Shemeji akainama juu ya kizibo cha kwanza, na nikaona mgongo wake ukikakamaa. Udongo ulikuwa mzima, lakini alama ya pishi haikuwapo. Kilikuwa kimefunguliwa na kuzibwa upya. Akakivunja. Kilikuwa kitupu, na kimefagiliwa. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa na alama yake, nacho kilikuwa kimejaa, lakini alipotumbukiza mkono aliutoa haraka kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Kuna joto," akasema. "Na kunanuka."

Uwele ulikuwa umegandamana mabonge, una ukungu, na fukusi walikuwa wakipanda juu ya kiganja chake. Ndipo kelele zikaanza. Mpagazi yule alipaza sauti kuliko wote: viwili vimeuzwa na cha tatu kimeoza, huo ndio uongozi? Mimi nilisimama mahali pangu. Nilikuwa nimeahidi mbele ya watu, na ahadi ilikuwa imekwisha kunifikia.

Mama alimaliza kupepeta ungo wake, akaumimina chunguni, akasimama.

"Mmemaliza? Basi njooni. Mpagazi, wewe uinamishe hicho kichwa kilichoona bahari, mlango wangu ni mfupi."

Tukamfuata hadi chumba cha ndani, penye mafiga. Ilinichukua muda macho kuzoea giza la moshi. Kisha nikaona kwamba juu yetu hapakuwa na dari. Palikuwa na masuke. Yalikuwa yametundikwa mafungu kwa mafungu, ukuta hadi ukuta, meusi kwa masizi, marefu yote, mafungu saba yaliyotenganishwa kwa kamba saba.

"Mwezi mmoja baada ya kuziba," akasema, "nilitia mkono katika kilindo cha kwanza nikakuta joto. Tuliupura haujakauka sawasawa, kwa kuwa mwalimu alikuwa na haraka. Nikawaita wanawake wenzangu. Kila mmoja alikuwa na masuke ya mbegu kwenye uchaga wake, kwa sababu hakuna mwanamke wa hapa anayesikiliza habari za pishi akaacha kutundika masuke. Wakaniletea masuke, nikawapa uwele uliopurwa wausage na kuupika kabla haujaharibika. Mmeula. Mmeusifu. Wewe," akamwelekea mpagazi, "ulirudia mara mbili."

Mke wa mpagazi alikuwa mlangoni. "Nilikwambia uchunge mbuzi," akasema.

Kicheko kilianza kwa wanawake nje, kikaingia ndani, na mwisho mpagazi mwenyewe akacheka, akiwa ameshika kichwa alichokwisha kukigonga.

Nikauliza kwa nini hakutuambia sisi wawili tuliokuwa viongozi pamoja naye.

"Ningekuambia ungeitisha mkutano. Hoja zako ni ndefu, mwanangu. Fukusi hana subira."

"Na kilindo cha tatu? Kwa nini ulikiacha kioze?"

"Hicho nilikuachia wewe. Nilijua utataka ushahidi."

Alinijua vyema, kwa kuwa hata hapo sikuridhika. Kuona masuke meusi si kuona mbegu hai. Nilichukua vigae viwili vya vyungu, nikavitia mchanga mbichi. Katika kimoja nikazika punje ishirini za masuke ya moshini, katika kingine punje ishirini za kilindo cha tatu, nikaviweka uani kwangu mahali ambapo kila mtu angeweza kuja kutazama. Watu walikuja asubuhi na jioni kama wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Shemeji alikuja mara nne kwa siku, akidai anapita tu.

Siku ya tano punje za moshini zilikuwa zimetoka zote isipokuwa mbili. Za kilindo zilitoka tatu, na moja kati ya hizo ilinyauka kabla ya adhuhuri. Nikawaita watu. Sikuwa na haja ya maneno mengi, na mara hiyo moja sikuyatumia. Nilisema kwamba shauri la kupura lilikuwa langu, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba kama Mama na wanawake wenzake wangefuata nilivyoagiza, tusingekuwa na mbegu. Kisha nikasema kwamba niko tayari kuondoka uongozini kama nilivyoahidi.

"Uende wapi?" Mama akauliza. "Nani atasema na jumbe? Mimi?"

"Akisema Mama na jumbe," Shemeji akadakia, "Mdachi mwenyewe atahama."

Nikabaki. Likabaki pia swali lililonifanya nishauri kupura tangu mwanzo, maana mafungu saba hayakuwa sawa hata kwa mtu asiyeona vizuri. Tulilizungumza mimi na Shemeji mchana kutwa, tukifikiria mizani, kamba zenye vipimo, na kura. Mama alipita mara kadhaa na mitungi yake, na mara ya mwisho akasimama kidogo.

"Pureni siku ya kupanda," akasema. "Siku hiyo pimeni mpaka mchoke. Pishi ni la kugawia, moshi ni wa kutunzia." Akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mwaka ule, na hivyo ndivyo tulivyoendelea kufanya kwa muda wote niliokuwa mmoja wa wale watatu. Kila mmoja wetu aliacha kuingia katika kazi asiyoijua. Kuhusu mambo mengine hatukupatana, wala hatukujaribu: wazee walikuwa wamekwenda kwa mtemi kuombea mvua, Shemeji alisoma dua yake, nami nilisali kwangu. Kuhusu mbegu tulikuwa mtu mmoja.

Mvua ilishuka alasiri, na kesho yake asubuhi tembe zote saba zilikuwa uani kwa Mama. Masuke yaliteremshwa, yakapurwa juu ya ngozi, na ua mzima ukanuka moshi. Shemeji alipima akitamka kila pishi kwa sauti, akifuta ukingo kwa kiganja ili pasiwepo punje ya upendeleo. Mpagazi, zamu yake ilipofika, alitazama kipimo, akaomba nyongeza kidogo kwa ajili ya aibu aliyoipata.

"Nyongeza ulikwisha kuila," Mama akamwambia, na mkewe akampokonya kikapu wakaenda shambani.

Niliwatazama wakitawanyika kila mmoja na mbegu yake, na nadhani nilitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Mwalimu, usisimame hapo kama mlingoti wa bendera ya boma. Chukua jembe," Mama akaniambia.

Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba mashimo katika shamba lake, naye akinifuata nyuma na mbegu. Baada ya hatua chache akaniambia nachimba kina mno, uwele hautafika juu. Nikapunguza.