Mashine Iliyofungwa kwa Masale

Naftali Kaaya alikuwa mtu wa kupima vitu kwa kuvinyanyua. Mkate aliunyanyua kabla ya kuununua, kuku alimnyanyua, na hata siku binti yake Elieshi alipozaliwa, wauguzi walimwona akimpandisha na kumshusha mtoto mikononi kisha akatamka, "Huyu ni mzima." Kwa hiyo mtu asishangae kusikia kwamba asubuhi moja alisimama katikati ya duka la vifaa mjini Arusha, ameshika mashine ya kuchomelea kwa mkono mmoja, anaigeuza huku na huku akitafuta kipande kilichobaki.

"Nyingine iko wapi?" akauliza.

Muuzaji, dada aitwaye Catherine, akaangalia rafu nyuma yake. "Nyingine ipi, mzee?"

"Hii si kichwa tu? Mwili wake mmeuweka wapi?"

Catherine hakucheka, Mungu ambariki kwa hilo. Alimweleza kwa upole kuwa mashine za siku hizi ndizo hizo, hazili umeme, unaitundika begani unakwenda nayo popote. Akamtolea ya ampea mia mbili, ya mia mbili na hamsini, na ya mia tatu. Zote zilikuwa na umbo lile lile na rangi ile ile. Naftali akazinyanyua moja baada ya nyingine, na ya mia tatu ndiyo ikawa nyepesi kuliko zote. Hapo akili yake ikasimama. Alishukuru, akatoka. Duka la pili wakamwambia kuwa mashine za duka la kwanza ni feki. Duka la tatu wakamwambia feki hasa ziko duka la pili. Akarudi nyumbani Moshono akiwa anajua machache kuliko aliyoondoka nayo.

Ufundi alikuwa nao, hilo mtu asimdhulumu. Mageti mengi ya Moshono na Engutoto yana mkono wake, na hakuna hata moja linalolia likifunguliwa. Miaka yote alifanyia kazi kwenye kiwanja cha kupanga, mpaka mwenye kiwanja alipotaka kujenga nyumba ya wageni. Naftali akabeba vyuma vyake, akaamua kugeuza zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba yake kuwa karakana. Alimwaga zege, akaezeka bati jipya, akatengeneza meza ya chuma ambayo hata ng'ombe wenyewe wasingeweza kuisukuma. Kisha akachomeka mashine yake ya zamani, ile ya koili za shaba. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Naftali aliogopa. Haukuwa moshi uliomtisha, bali sauti ya kaka yake iliyomrudia masikioni.

Mashine ile hakuinunua peke yake. Aliinunua pamoja na kaka yake mkubwa, Ebenezer, kwa fedha ya kahawa yao, zamani, walipokuwa wakifanya kazi pamoja kwao Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru. Baadaye Ebenezer akaugua mgongo, akalala msimu mzima. Naftali akaja na gari, akaichukua mashine, akasema anaiazima kwa wiki moja. Wiki ile haikuisha mpaka leo. Ebenezer alipopona hakuwa na cha kufanyia kazi, akarudi kwenye migomba. Walipokutana msibani, mbele ya watu, alisema neno moja tu: "Mashine tuliyonunua wawili haiwezi kumtumikia mmoja." Tangu siku ile hawakusalimiana. Sasa ilikuwa imekataa kumtumikia hata huyo mmoja.

Na hilo lingeweza kuendelea kulala, kama lilivyolala miaka yote, lakini Elieshi alikuwa amechumbiwa. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga, ilikuwa imekaribia, kadi zilishaanza kutembea, na binti alikuwa amesema wazi, tena bila kupandisha sauti, kwamba hatatoka nyumbani kwa baba yake bila baba mkubwa kusimama na kumkabidhi. Baba mkubwa ni mmoja tu, naye ni Ebenezer.

"Nitamwendea," Naftali alikuwa akisema. "Nikishamaliza karakana."

Karakana ile haikwisha. Kila siku aliikuta na dosari mpya. Mkewe, Hanna, akamwangalia akipiga rangi ukuta alioupaka rangi juzi, akamuuliza, "Baba Elieshi, unatafuta mashine au unatafuta pa kujificha?" Naftali akajifanya anafuta rangi iliyoingia kwenye mpini wa brashi.

Basi ikaja simu. Rafiki yake mmoja akamwambia kuwa mzee Aikaeli, fundi aliyestaafu, anauza mashine yake ya zamani, ya koili, ya uzito wa haki. Naftali akafurahi mpaka alipouliza mzee huyo anakaa wapi. Anakaa juu ya Nkoaranga. Njia ya kwenda kwake inapita kwenye geti la Ebenezer.

Alimkodi Tajeu, bodaboda anayemwamini, Mwarusha wa Elerai, mtu mzima mwenye familia yake na maneno machache. Walipokaribia geti lile, ambalo ndugu wawili walilichomelea pamoja, Naftali akainamisha kichwa ndani ya helmeti akawa anakagua viatu vyake. Fundi mzima, mzee wa kanisa, anajificha ndani ya helmeti!

Kwa Aikaeli umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mashine haikuweza kujaribiwa. Naftali hakujali. Aliishika mishikio, akavuta pumzi, akainyanyua mpaka kiuno kikalia. "Hii ndiyo mashine," akasema kwa raha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kitu duniani kikiwa na maana. Wakaelewana bei, Tajeu akaifunga kwa mpira kwenye keria, Naftali akakaa katikati, wakaanza kuteremka.

Kwenye kona, si mbali na lile geti, mpira ukakatika. Wakati huo huo simu ikaita. Alikuwa Elieshi. Naftali akashuka, akasogea pembeni chini ya migomba.

"Baba, umeshaongea na baba mkubwa?"

"Niko karibu sana, mwanangu," akasema, na kwa hesabu ya hatua hakusema uongo.

"Baba, sikutanii. Asipokuja, mimi sitoki."

Laiti Naftali angegeuka. Nyuma yake Tajeu alikuwa akitafuta kamba, na kamba hakuna. Kilichokuwepo ni ua wa masale uliopakana na shamba la kahawa, majani marefu, ya kijani, magumu kukatika. Tajeu akakata fungu zima, akasokota, akaifunga mashine kwa mafundo ya kutosha kufunga fahali. Kwao Elerai isale ni jani tu. Lakini Mmeru yeyote anajua, hata yule aliyezaliwa mjini, kwamba ukimkosea mtu na ukamletea isale lililofungwa fundo, umemwomba msamaha, na huyo uliyemkosea hana ruhusa ya kukufukuza. Isale halichezewi. Mtu halitumii kufungia mzigo.

Mvua ikaanza. Mvua ya mlimani haitoi taarifa. Naftali akapanda haraka, mgongo kwa mzigo, moyo kwa binti yake, Tajeu akakaza mafuta, akaona geti lililo wazi, akaingia humo humo kukwepa mvua. Alikwenda mpaka barazani. Naftali akafuta maji usoni, akainua macho, akamwona Ebenezer.

Ebenezer alikuwa ameketi akichambua maharage kwenye ungo. Alimwangalia mdogo wake. Kisha akaangalia nyuma yake, kwenye keria. Ungo ukamtoka mikononi, maharage yakatawanyika barazani kote. Akasimama, akavua kofia. Machozi yalimteremka, naye hakuyafuta.

"Anneth!" akaita kwa sauti iliyopasuka. "Anneth, njoo uone!"

Mkewe akatoka, akaona, akashika mdomo kwa mikono miwili.

Naftali akachanganyikiwa kabisa. Katika akili yake lilikuja jambo moja tu. "Nani amekufa?" akauliza.

Ebenezer alishuka ngazi kwenye mvua, akamshika mdogo wake mabega, akamkumbatia na helmeti yake. Naftali akabaki mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa mbwa, kwa geti kufungwa mbele ya pua yake. Kwa hili hakujiandaa.

"Shikamoo, kaka," akasema, maana hakupata neno lingine.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Ingia ndani."

Akaingizwa, akakalishwa kiti cha mgeni wa heshima. Anneth akaleta loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwenye bakuli kubwa, huku akisema, "Shemeji, kula, umetembea mbali." Kutoka Moshono si mbali kiasi hicho. Naftali akala bila kuonja, anaangalia uso mmoja hadi mwingine. Alidhani labda Elieshi amewapigia simu. Alidhani labda Hanna ametangulia. Alifikiri hata kwamba kaka yake amerukwa na akili, na hilo likamtia uchungu wa kweli, maana aligundua hapo kwamba alikuwa akimkumbuka mtu huyu kila siku.

Tajeu akaingia ameibeba mashine kifuani, akaitua sakafuni. Naftali akayaona majani. Kijiko kikamkwama mdomoni.

Alielewa yote mara moja, na kuelewa kulikuwa kubaya kuliko kutoelewa. Akitamka ukweli, atakuwa amemletea kaka yake isale la uongo, amemtukana ndani ya nyumba yake. Akinyamaza, sendofu itafanyika, kaka atasimama, Elieshi atacheka, na yeye Naftali atakaa na jambo hili tumboni mpaka kaburini. Alimkata Tajeu jicho. Tajeu, masikini, akadhani ameulizwa kuhusu fundo.

"Mpira ulikatika, mzee," akasema. "Nikaona haya majani. Kwetu haya ni majani tu, sikujua kama yana mwenyewe."

Mvua ilisikika juu ya bati. Naftali akaweka bakuli chini, akainama, na kwa sauti ndogo akasema, "Kaka, ni kweli. Sikulifunga mimi. Nilikuwa napita tu."

Alingoja kufukuzwa. Ebenezer akavuta kiti, akaketi karibu na mashine, akagusa yale majani yaliyosokotwa.

"Nilijua," akasema. "Niliona tangu unaingia. Isale la msamaha ni jani moja na fundo moja. Wewe umeniletea shamba zima."

"Sasa ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu nimezeeka, Naftali. Nikasema, nikilikataa hili kwa kuwa limekosewa, nitangoja lililo sawa mpaka lini?"

Naftali aliinuka, akatoka barazani, Anneth akamwita akidhani ameudhika, yeye akaendelea kwenda. Akavuka uwanja kwenye mvua mpaka kwenye ua. Alichagua kwa muda mrefu kuliko alivyochagua mashine yoyote. Akakata jani moja, akalifunga fundo moja. Akarudi, akapiga magoti sakafuni mbele ya kaka yake, akampa kwa mikono miwili.

"Niliichukua mashine yako ukiwa umelala mgonjwa," akasema. "Nikakuachia migomba. Nisamehe, kaka."

Ebenezer akalipokea. Alilitazama fundo, akaliweka juu ya mashine, juu ya lile fungu la Tajeu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia bei ya mbolea, "Elieshi anatoka lini?"

Mvua ilipokatika, Naftali akapanda pikipiki. Njiani alihisi kuna kitu cha ajabu, akashindwa kukijua, kisha akatambua kuwa mgongo wake una nafasi. Tajeu akageuza kichwa. "Mzee, mzigo tumeusahau?"

"Hatujausahau," akasema Naftali. "Twende."

Hanna alikuwa kwenye mlango wa karakana, taa mpya inawaka juu ya meza tupu. Alimtazama mumewe aliyelowa, akatazama keria, hakuona kitu.

"Mashine iko wapi?"

"Nimeiacha kwa mwenyewe."

Hanna alikuwa ameolewa naye muda wa kutosha kujua swali lipi la kuuliza na lipi la kuacha. "Na sasa utachomelea kwa kitu gani?"

Naftali akavua viatu, maji yakamwagika kwenye zege yake safi. Alionekana bado hajaelewa vizuri siku yake, lakini alikuwa anatabasamu.

"Kesho nitarudi kwa yule dada wa mjini," akasema, "akaniuzie kile kimkoba cha begani."