Hatua Sita za Bi Afya

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mwanamke mmoja amesimama chini ya bango kubwa la kuingilia mjini, fagio la chelewa begani, shingo ameinua juu. Bango linasema: KARIBU KATIKA MJI SAFI KULIKO YOTE. Chini ya maneno hayo kuna nyota nne za rangi ya dhahabu, moja kwa kila mwaka ambao mji huu umeshinda mashindano ya usafi. Pembeni yake ipo ya tano, imechorwa mistari tu, ndani hakuna rangi.

"Ile pale ndiyo inaninyima usingizi," anasema, kisha anainama na kuanza kufagia.

Nyota hiyo ilichorwa mwezi uliopita, kabla hata majaji hawajatia mguu mjini. Watu wa hapa ndivyo walivyo, wakishajiona wameshinda hawangoji kuambiwa. Mchoraji alipoulizwa kwa nini asisubiri matokeo, alijibu kwamba ngazi alikuwa ameshaiazima.

Mfagiaji huyu ana miaka hamsini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye barabara hii kuu. Jina lake halisi wachache wanalijua. Kinyozi wa hapa alimbandika jina la Bi Afya, kwa sababu hukagua vibaraza vya watu kama bwana afya aliyetumwa na serikali. Jina likamganda. Hata mumewe humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Anafagia kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa barabara ina mteremko, na huupa upepo mgongo. Mikono yake haina haraka.

"Ukifagia kwa hasira unahamisha vumbi tu," anasema.

Kufikia saa kumi na mbili ameshasoma habari zote za mtaa kwenye taka. Vipande vya nyuzi za bluu mbele ya fundi cherehani: kapata kazi ya sare za shule. Vikombe vingi vya karatasi nje ya duka la dawa: jana foleni ilikuwa ndefu, mafua yameingia. Maganda ya karanga kwenye ngazi za mwanasheria: hana wateja. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa ametoa pipi mfukoni, alijikuta ameirudisha pamoja na karatasi yake, bila kuambiwa.

Mbele ya duka la kinyozi kuna kifuniko cha chuma cha mtaro. Hapo Bi Afya husimama kama aliyefika ukutani. Juu ya kifuniko ni kwake, mita mia tatu na arobaini. Chini yake ni kwa mwenzake, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyeajiriwa miezi minane iliyopita na bado yuko kwenye majaribio.

Wafagiaji wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Taka iliyo upande wa mwenzako huigusi, hata kama inakukodolea macho. Kuiokota ni kumwambia mwenzako kwamba ni mvivu, tena hadharani. Zamani wawili walishikana mashati kwa ajili ya ganda moja la ndizi, na mpaka leo hawasalimiani.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha huyu binti sheria hiyo," anasema Bi Afya. "Siku yake ya kwanza. Nikamwonyesha hiki kifuniko, nikamwambia, mwanangu, hapa ndipo ninapoishia mimi."

Anatazama kando akisema hivyo.

Mwandishi alikwenda pale kuandika habari njema: mji wa kawaida, usio mkubwa wala mdogo, unaoringia barabara zake kuliko miji yenye maghorofa. Na kweli watu wanaringa. Dereva wa teksi atakwambia habari za nyota nne kabla hujafunga mlango. Muuza matunda, aliye jirani na kinyozi, hufuta machungwa yake kwa kitambaa cheupe na kudai kwamba hata nzi wa mji huu hunawa miguu kabla ya kutua.

Lakini wiki hii hali si shwari. Matokeo yatatangazwa Jumamosi, na tayari kuna anayelaumiwa.

Kisa chenyewe kilitokea Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi. Mwanamume wa makamo, koti la kahawia, mkoba mkononi, alikuwa akishuka barabara kuu akila biskuti. Alipomaliza aliiachia ile pakiti ikaanguka chini, akaendelea kutembea kama hakuna kilichotokea. Mfagiaji mmoja alimfuata, akamsimamisha na kumpa maneno yake mbele ya watu.

"Alimwambia, 'Baba, kwenu mnatupa takataka sebuleni? Rudi uokote! Huu mji una wenyewe!'" anasimulia kinyozi, mashine ikinguruma mkononi. "Mtu mzima akarudi, akaokota. Akatazama saa yake. Kisha akatoa kidaftari akaandika kitu. Sisi tukadhani anaandika namba ya simu ampe. Tulicheka mpaka mteja wangu nikamkata vibaya kisogoni."

Kicheko kiliisha Jumatano. Msimamizi wa wafagiaji aliwakusanya wote thelathini na wawili uani kwa ofisi ya mji, akawaambia kwamba majaji walikuja kimyakimya na wameshaondoka. Moja ya mitihani yao ni kudondosha taka makusudi na kupima itachukua muda gani kuokotwa. Jaji mmoja alilalamika kwamba alidhalilishwa hadharani, na katika alama mia moja, kumi ni za kupokea wageni. Mwaka jana mji ulishinda kwa tofauti ya alama nne.

Barua ya malalamiko ilitaja mahali: barabara kuu, chini ya kifuniko, mbele ya meza ya matunda.

Macho yote yakamgeukia yule msichana. Yeye akainamisha kichwa. Msimamizi akamwambia afike mbele ya kamati Alhamisi ya wiki hii, saa tatu, na kwa mtu aliye kwenye majaribio kila mmoja pale uani alijua maana ya wito huo.

Bi Afya alikuwa mstari wa pili. Hakusema kitu.

Na mwandishi naye hakujua lolote zaidi ya hapo mpaka jana Jumanne, asubuhi ya tatu ya kumfuata mama huyu na fagio lake. Kijana mmoja alipita na pikipiki na kutupa kikombe cha plastiki katikati ya barabara, juu kidogo ya kifuniko, upande wa Bi Afya. Mwandishi alijiandaa kusikia hotuba. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kukiokota kikombe taratibu na kukitia kwenye toroli.

Kinyozi alitoka nje, taulo begani.

"Bi Afya! Mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi unatuumiza sisi. Tangu ulivyonyamaza watu wameanza kutupa ovyo. Jana nimeokota mimi, unaona? Mimi! Na mgongo wangu huu!"

Alicheka peke yake. Bi Afya aliegemeza fagio ukutani, akaketi kwenye ukingo wa kibaraza. Alimtaka mwandishi azime kinasa sauti. Mwandishi akazima. Mama akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye magoti.

"Kiwashe," akasema. "Ni mimi. Yule jaji nilimgombeza mimi."

Alikuwa amesimama upande wake, anasema, akaiona pakiti inaanguka upande wa mwenzake. Msichana hakuwa karibu. Sheria aliijua, ni yake mwenyewe. Akajizuia, akahesabu mpaka tano, halafu miguu ikaenda.

"Hatua sita tu," anasema. "Hatua sita nje ya mpaka wangu. Sikutaka kumwonyesha binti kuwa ni mvivu, nilitaka tu yule mtu ajue. Mimi mtu akitupa kitu hapa ni kama amenitemea mate kwenye sakafu yangu. Siwezi. Hiyo tabia ninayo."

Kwa nini basi hakusema pale pale uani, mwenzake aliponyooshewa kidole?

"Nilifungua mdomo. Ukatoka upepo." Anatikisa kichwa. "Mdomo huu, baba! Kila mtu anaujua. Miaka kumi na tisa haujakosa neno. Siku ya kuutaka, ukaniacha."

Hofu yake haina siri. Amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili apumzike kwa heshima na kiinua mgongo. Mumewe alikuwa mlinzi mpaka macho yalipofifia. Sasa huzunguka vyumba vyao viwili kwa kupapasa kuta. Kumgombeza mgeni rasmi ni kosa. Kukaa kimya wiki nzima mwingine akilaumiwa ni kosa la pili, na anajua la pili ni baya zaidi.

Mumewe naye ameona kwa njia yake. "Hanigombezi tena," alimwambia mwandishi, akiwa ameketi kwenye kochi, uso ameugeuzia sauti. "Nimeacha viatu mlangoni makusudi, siku tatu. Amevipita tu. Meza hii anaifuta mara nne kwa siku. Nikamwambia, mke wangu, kama umeua mtu niambie, tujue pa kumzika."

Kinyozi na muuza matunda waliona kila kitu. Walipoulizwa na msimamizi, kila mmoja alisema hakuona lolote. Kinyozi alidai alikuwa amewapa mgongo, muuza matunda akadai alikuwa anahesabu maembe. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Bi Afya amewanunulia dawa, amewakalia matanga, amewasema wote kwa zamu. Yule msichana wanamjua kwa miezi minane, na hata jina lake muuza matunda hulisahau.

"Wananificha mimi, wanamtoa mtoto wa watu," anasema Bi Afya. "Na mimi nimewaachia. Nikimwona anakuja na toroli lake moyo unaniruka. Ananiamkia, 'Shikamoo mama,' vizuri kabisa. Natamani anitukane."

Aliinuka. Mwandishi alidhani anarudi kazini, lakini mama alitembea mpaka kwenye kifuniko cha chuma, akasimama hapo, akaita. Msichana aliacha beleshi na kupanda mteremko, akafika upande wake wa kifuniko, naye akasimama. Kati yao kulikuwa na kile chuma tu.

"Shikamoo mama."

"Usiniamkie kwanza. Sikiliza. Yule mtu wa koti la kahawia..."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nyuma ya meza ya matunda, nakunywa maji. Nilikuona."

Bi Afya alishika kifua. "Uliniona? Na Jumatano, uani, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alisema msichana. Sauti yake haikuwa kali. "Ningemtajaje mtu mzima mbele ya watu? Nikasema atasema leo. Kesho yake nikasema atasema leo."

"Na nisingesema?"

Msichana alitazama viatu vyake vya mpira. "Jana usiku nilianza kufungasha."

Hapo Bi Afya alilia, barabarani, saa nne asubuhi, watu wakipita. Muuza matunda alijifanya anapanga machungwa. Kinyozi alizima mashine yake. Msichana alivuka kifuniko, akamshika mama mkono, na hakuna aliyemkumbusha sheria.

Makala haya yanatoka Jumatano. Kesho, Alhamisi, kamati itakaa saa tatu. Bi Afya anasema saa mbili atakuwa mlangoni, amevaa sare iliyopigwa pasi, fagio ameliacha nyumbani. Usiku amemwambia mumewe. Mzee akaomba apelekwe naye, asimame hata nje. Bi Afya amemkatalia, na papo hapo akamgombeza kwa vile viatu vya mlangoni.

Yatakayofuata hayajui. Huenda wakamwachia amalize mwaka wake. Huenda wakamwambia avue sare pale pale. Leo alfajiri, akizungumza nasi tena chini ya bango, alikunja na kukunjua pindo la kanga yake mpaka likachakaa vidoleni.

"Naogopa," anasema. "Usiandike kwamba nimekuwa jasiri. Naogopa sana. Lakini wakinifukuza nitapita hapa na kikapu changu kama watu wengine, na atakayetupa karatasi mbele yangu atanisikia. Hilo hawawezi kunivua."

Mwandishi alimwuliza kama asingependa habari hii ingoje mpaka Jumamosi, matokeo yatoke. Mama alikataa kabla swali halijaisha.

"Tukishinda nikasema, nitaonekana najitafutia sifa. Tukishindwa, watasema nimebanwa. Andika sasa, matokeo hakuna anayeyajua." Alitazama ile nyota isiyo na rangi. "Na mwambieni mchoraji arudishe ngazi ya watu."

Alianza kufagia, akapiga fagio mara mbili tatu, kisha akageuka.

"Umeandika zilikuwa hatua ngapi?"

"Sita, mama. Ulivyosema."

Aliegemea fagio lake, akavuta pumzi.

"Andika kumi na moja. Jana nilirudi nikazihesabu. Nilikuwa nazipunguza."