Mama wa Rafu za Ghorofa ya Nne

Miaka sita nimelima kwenye ghorofa ya nne, mahali palipokuwa ofisi za bima. Udongo hakuna. Saladi na spinachi zimepangwa rafu saba, kutoka sakafuni hadi darini, mizizi ndani ya mabomba ya maji ya mbolea, na taa ndizo jua lake. Mvua ikigoma, sisi tunavuna. Lakini umeme ukikatika, pampu zinasimama na mizizi inaanza kukauka. Nimeshazunguka rafu hizo na kikombe, mche mmoja mmoja, mpaka mgongo ukakataa.

Shule sikwenda, waliokwenda ni kaka zangu. Mbolea naipima kwa ulimi: tone moja, naonja, natema. Chumvi ikizidi, naongeza maji.

Meneja mpya alinikuta kidole kiko mdomoni.

"Mama, hiyo ni mbolea au mchuzi?"

"Mchuzi una nafuu, bosi. Hii leo imekolea."

Akachovya majini kipimo chake cha mbolea, kile cha namba, akanisogezea mbele ya wenzangu. "Haya, soma."

Namba zile kwangu zilikuwa michoro tu. Wenzangu wakatazama viatu vyao.

"Kinasema mbolea ni hafifu. Iongezwe. Na wewe, kuanzia leo utafagia ngazi. Rafu zinataka watu waliosoma."

Nikafagia, moyo ukiniwaka. Siku ya nne nikaona saladi zikishushwa kwa magunia, kingo za majani zimeungua. Shemeji yangu, fundi wa pampu, akanong'ona, "Ncha ya kipimo ina ukoko wa mbolea. Hakuna aliyewahi kuisafisha. Kilikuwa kinadanganya, mbolea ilishazidi."

Mchana meneja akanifuata ngazini.

"Mama, njoo uonje kidogo, kisha utaendelea na kazi yako."

"Kazi yangu iko juu, bosi. Kuonja peke yake, ulimi unao na wewe."

"Sasa unataka nini?"

"Rafu zangu. Ulinitoa mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu."

Akatazama magunia. Nami sikupanda hata ngazi moja mpaka alipotangulia yeye.

Juu akawaita wote, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba rafu ni za mama tena, na kwamba alikosea. Pampu zilikuwa zikinguruma.

"Rudia, bosi," nikamwambia. "Walio nyuma hawajasikia."

Akarudia.